Paneli Nne Ndani ya Uzio wa Miiba

Mteja akija kwenye kibanda changu hapa Arua akaniambia anataka paneli za sola za kutoa na kurudisha juu ya gari lake, swali langu la kwanza haliwi juu ya betri. Namuuliza, "Ukiwa haupo, nani atabaki nazo?" Wengi hudhani naulizia wezi. Hunijibu kwamba wana mlinzi, wana mbwa, wana kufuli. Nawaacha mpaka waishe, kisha nauliza tena, na hapo wengine huanza kunitazama kama mtu aliyekaa juani sana. Mimi si fundi mwenye maneno matamu. Walimu chuoni walinisema kwa hilo, mume niliyekuwa naye alinisema kwa hilo hilo kabla ya kuondoka, na sikubadilika. Kama kuna kilichonibadilisha, ni asubuhi moja ya mwezi wa nne kule Dranya.

Gari tulilokwenda nalo Dranya lilikuwa la baba. Maisha yake yote aliendesha malori, kutoka Arua kupita Vurra kuingia Congo, na miaka mingine barabara ya Juba. Alipostaafu akaona hawezi kulala vizuri kwenye nyumba isiyo na usukani. Wazungu wawili, mke na mume, walikuwa wakizunguka Afrika na gari lenye kitanda, jiko na makabati ndani yake, injini ikawafia Vurra mbele ya forodha, katikati ya malori. Walisubiri spea mpaka wakachoka. Baba alilinunua gari bila injini, akaliburuta mpaka nyumbani kwetu, akalitia injini kuukuu ya basi dogo, na baada ya kazi yote hiyo hakulipeleka mbali zaidi ya Aroi, alikokwenda kununua karanga kwa wakulima. Siku nyingi alikaa tu ndani yake uani, mlango wazi, redio ikilia. Majirani walikuwa wakipita wakisema, "Mzee, leo safari ya wapi?" Naye anajibu, "Leo niko Kisangani." Mama alikuwa amekwisha kufariki, mimi nilikuwa nimerudi nyumbani bila mume, na gari lile ndilo lililokuwa likitufanya tucheke.

Kisha mapafu yake yakaanza kukataa. Vumbi la miaka arobaini, sigara, moshi wa dizeli, daktari alivitaja vyote kana kwamba anamsomea hesabu zake. Akasema hakuna dawa ya kuyarudisha, na kwamba bila mashine ya oksijeni mzee hatakaa siku nzima. Mashine niliipata kwa mama mmoja wa kanisani ambaye mumewe hakuihitaji tena. Ilikuwa na ukubwa wa ndoo mbili, ilinguruma mchana kutwa, na ilitaka umeme usiokatika. Wiki ya kwanza umeme wa mji ulikatika, nikaona midomo ya baba ikigeuka rangi kabla sijamaliza kuunganisha betri ya kibandani. Ilichukua robo saa tu. Tangu siku hiyo nilijua robo saa ni nini.

Baba alizungumza nami Kiswahili. Mama alikuwa Mlugbara, yeye Mkakwa, na Kiswahili cha malori ndicho kilichowakutanisha, kikawa lugha ya nyumba. Jioni moja alitoa bomba puani kidogo, akaniambia, "Mama, mi iko nataka kufika nyumbani. Hapana kufika ndani ya sanduku. Kufika na macho." Nyumbani ni Dranya, upande wa Koboko, kwenye boma la baba yake, ambako shangazi yangu, dada yake, alikuwa akiishi peke yake. Nikamwambia Dranya hakuna umeme. Akanitazama kama ambavyo angemtazama utingo aliyesahau kufunga turubai. "Si wewe ni fundi?" akasema.

Lakini hilo lilikuwa nusu tu ya alichotaka. Nusu ya pili ilikuwa mdogo wake.

Mwaka ule wa vita, watu wa kwetu walipokimbilia Congo, baba alikuwa kijana na alikuwa akiendesha lori la tajiri. Aliondoka Koboko na watu wamejaa mpaka juu ya kichwa cha lori. Njiani akampita mdogo wake akitembea kwa miguu na mke na mtoto mdogo. Hakusimama. Mdogo wake alifika Congo kwa miguu, na yule mtoto hakufika. Tangu siku hiyo baba mdogo hakuwahi kula chakula cha baba. Wakikutana msibani wanasalimiana, anakaa upande mwingine, na sahani ikija kutoka jikoni kwa baba anasema ameshiba. Watu waliporudi kutoka uhamishoni, yeye akaenda kuishi upande wa Sudan, akaoa huko, akazeeka huko. Baba, kila alipoulizwa, alisema jambo moja: kulikuwa na vumbi, hakumuona. Nilikua nikilisikia hilo. Sote tuliamini, au tulikubali kuamini.

Jioni ile, na bomba mkononi, aliniambia: "Vumbi ilikuwa kidogo. Mi nilimuona. Aliinua mkono hivi, mkono ingine alishika mtoto. Kama ningesimama, watu wa barabara yote wangepanda, lori ingekufa. Nikakanyaga mafuta." Akapumua mara nyingi kabla ya kuendelea. "Nataka aambiwe. Hapana wewe kumwambia. Mi mwenyewe."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa kazi niliyopewa: kumfikisha baba Dranya akiwa hai, na kumweka hai mpaka mdogo wake aje asikie maneno mawili. Niliona aibu kwa ajili yake, nikamkasirikia, na nikaanza kazi kesho yake asubuhi.

Wazungu walikuwa wamegundisha paneli mbili juu ya paa la gari kwa gundi nyeusi ngumu. Zilifaa kwa watu wanaoegesha ufukweni kupiga picha. Kwetu gari likikaa juani saa moja, ndani huwa tanuri, na mgonjwa wa mapafu hawezi kulala ndani ya tanuri. Likikaa kivulini, paneli nazo ziko kivulini. Kwa hiyo nilizing'oa, siku mbili nzima nikisukuma waya wa gitaa chini ya gundi, mkono huku na mkono huku, mpaka vidole vikachanika. Nikaongeza mbili nyingine kutoka kibandani. Nikazitengenezea fremu za alumini zenye miguu ya kukunja, na juu ya paa nikafunga reli mbili. Barabarani paneli zinakaa kwenye reli, zimebanwa kwa nati zenye masikio, zile za kukaza kwa vidole bila spana. Ukifika, unazilegeza, unazishusha, unazipanga juani mbali na gari, unavuta waya mrefu mpaka kwenye betri chini ya kitanda. Gari linabaki kivulini, paneli zinakula jua. Usiku zinaingia ndani. Niliziunga moja baada ya nyingine, kwa sababu waya wangu ulikuwa mwembamba na ulikwenda mbali. Ubaya wa kuziunga hivyo ni kwamba ni kama watu wanaopokezana ndoo: mmoja akikaa chini, maji hayafiki. Kivuli kikubwa kwenye paneli moja huzivuta zote. Jambo hilo fundi yeyote analijua, na nililijua mimi pia.

Nilijaribu kila kitu uani kwetu siku tatu. Mchana jua liliendesha mashine na kujaza betri. Jioni betri ilibeba mashine mpaka saa tatu au nne. Baada ya hapo kila usiku ulikuwa na mtungi wake wa oksijeni wa kumfikisha alfajiri. Baba alilala ndani ya gari akinisikiliza nikipanda na kushuka paani. "Kaza ile ya nyuma," aliniambia, na kweli ya nyuma ilikuwa imelegea. Sijui aliisikiaje.

Tulifika Dranya mchana, mimi nikiendesha polepole mpaka bodaboda zikatucheka. Shangazi alikuwa amefagia uwanja wote. Alipiga magoti kando ya mlango wa gari, akashika mguu wa kaka yake, akalia bila sauti, kisha akainuka akaenda kuweka maji ya chai. Yeye alibaki Congo miaka mingi kuliko wengine, na Kiswahili chake kilikuwa cha kule. Mtu mpole. Nilipokuwa mdogo ndiye aliyenifundisha kumenya muhogo bila kujikata.

Niliegesha chini ya mitiki ya babu, nikapanga paneli uwanjani, pale penye jua tangu asubuhi hadi jioni. Hazikukaa hata dakika kumi. Mbuzi mmoja akapanda juu ya paneli ya kwanza, akasimama kwato nne kwenye kioo, akaniangalia. Kuku nao wakaanza kuchakura chini ya fremu, kwenye waya. Nikapiga kelele ambazo nadhani zilisikika Koboko. Watu waliokuwa wamekuja kumwamkia mgonjwa waligeuka wote. Shangazi akaja akifuta mikono kwenye kitenge.

"Hii ni vioo ya nini, mama?" aliniuliza.

"Ni pumzi ya baba," nilimwambia. "Sitaki mbuzi hapa. Sitaki kuku. Sitaki mtu aguse. Zungushia miiba, shangazi, leo hii."

"Inafanya namna gani?"

"Shangazi, nimechoka. Zungushia miiba tu."

Nayakumbuka maneno yale jinsi yalivyotoka. Aliuliza inafanya namna gani. Mtu aliyesoma kazi hii angehitaji dakika mbili kumjibu: jua linaingia hapa, linatoka huku kama umeme, chochote kikikaa juu ya kioo mashine inanyamaza, mashine ikinyamaza kaka yako hapumui. Sikumpa hata moja. Alikwenda na panga, akakata matawi ya miiba, akazungusha uzio mzuri, mrefu mpaka kiunoni, na akaacha kiingilio kidogo alichokiziba kwa tawi. Mbuzi walizunguka mara mbili wakaondoka. Kwenye boma lile lote, pale ndipo mahali pekee ambapo mnyama hakuweza kufika. Nilimwambia asante, na nadhani niliisema vizuri.

Habari ya baba mdogo ilikuja kwa simu za watu watatu, mmoja akimpasha mwingine. Alikubali kuja, lakini kwa sharti: hatavuka mpaka kuja kwa kaka yake hadi mtoto wa kaka yake aende kumchukua kwa mkono. Wazee walisema ana haki, aliyeachwa njiani hafuati mwenyewe. Siku ikapangwa: keshokutwa asubuhi, Oraba, mpakani.

Shangazi aliposikia, alishika kichwa. Kwake jambo halikuwa maneno, lilikuwa sahani. Kama mdogo wake atakula ugali wa kwenye shamba la kaka yake, mbele ya watu, basi yamekwisha, hata wakinyamaza mpaka jioni. Alichimba muhogo siku ile ile kwenye kipande ambacho baba alikiacha kwa jina lake. Akamenya, akakatakata, akaanika juu ya mwamba nyuma ya nyumba, akakaa na fimbo kufukuza mbuzi. Kesho yake mchana wingu likaja kutoka upande wa Congo, mvua ikapiga ghafla, tukakimbia yeye kuokoa muhogo na mimi kuokoa paneli, tukapishana katikati ya uwanja tukiwa tumelowa, na tulicheka. Nakumbuka tulicheka.

Ila mvua ile ilitugharimu. Jua halikurudi siku ile. Betri iliishia saa mbili usiku badala ya saa nne, nikafungua mtungi wa mwisho mapema, na alfajiri mtungi ukaanza kupiga filimbi ya kuishiwa. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikiangalia mashariki kama mtu anayesubiri basi la kwanza. Jua lilipotoka lilikuwa safi, bila wingu hata moja. Nilipanga paneli, nikaziba uzio, nikasubiri mpaka mashine ikanguruma kwa nguvu ya jua lenyewe. Betri haikuwa na kitu. Jua likiendelea, baba anaendelea. Nilipiga hesabu: Oraba kwenda na kurudi, saa tatu kwa bodaboda. Mbingu ilikuwa nyeupe na kavu.

Baba alikuwa macho. Alikuwa amenyolewa ndevu na shangazi, amevaa shati la mikono mirefu. "Nenda," alisema. "Mwambie mi iko."

Shangazi nilimkuta nje akigeuza muhogo kwenye ungo, ukiwa bado na unyevu wa jana, unaanza kunuka. Nilimwambia akae karibu na baba, asimpe chai ya moto, na mbuzi wasikaribie paneli. Alitaka kuniuliza kitu. Alinyoosha mkono hivi, na ungo ukiwa kwenye mkono wa pili, akasema, "Mama, ile mahali ya vioo..." Bodaboda alikuwa ameshawasha pikipiki. Nikasema, "Mbuzi na kuku tu, shangazi. Mbuzi na kuku," nikapanda.

Baba mdogo alikuwa amekaa juu ya begi lake upande wa pili wa kizuizi, amevaa koti. Sikuwa nimemuona miaka mingi. Alikuwa baba kabisa, ila mwembamba zaidi na masikio makubwa. Alikuwa askari zamani, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi.

"Wewe ndiye mtoto?"

"Ndiyo, baba mdogo. Nimekuja kukuchukua."

Alinipa mkono. Nikaushika mpaka kwenye pikipiki, kama sharti lilivyosema. Tulikaa watatu, yeye katikati. Tulipopanda mlima kabla ya Koboko, alimwambia bodaboda asimame. Alishuka, akatazama barabara, huku na huku. Magugu tu na lami. Hapo ndipo lori lilipompita. Sikuhitaji kuambiwa. Nilitazama saa yangu bila kujificha, naye akaona, akapanda.

Nilijua kabla hatujafika uwanjani, kwa sababu sikuisikia mashine. Ile sauti ilikuwa masikioni mwangu wiki kadhaa, na sasa niliwasikia kuku. Kisha nikasikia wanawake. Niliruka kabla pikipiki haijasimama, nikakimbilia gari. Baba alikuwa amelala kwa ubavu, bomba likiwa bado puani, shati limefungwa vifungo vyote. Shangazi alikuwa amemshika kichwa. Uso wake baba ulikuwa na ile rangi niliyoiona Arua. Nilimgusa shingoni. Alikuwa bado na joto.

"Ile mashine ililia, pii, pii," shangazi alisema. "Nikataka kukupigia. Kaka akasema, wacha, iko lia njaa tu, jua itaipa. Akanishika mkono. Nikakaa naye. Halafu ikanyamaza."

Nilitoka nje, nikaufuata waya. Ndivyo fundi anavyofanya, hata baba yake akiwa amekufa: anafuata waya. Soketi nzima, fyuzi nzima, waya mzima. Nikafika kwenye uzio. Tawi la kiingilio lilikuwa limerudishwa mahali pake vizuri. Ndani, paneli tatu zilikuwa nyeupe kutoka ukingo mpaka ukingo, na ya nne nusu. Vipande vya muhogo vilikuwa vimepangwa kimoja kimoja, kwa uangalifu, havikupandana, kila kimoja kimepewa nafasi yake juani. Kioo kilikuwa cha moto. Vilikuwa vimekauka vizuri sana.

Nilielewa kila kitu mara moja. Palikuwa safi, pa moto, palikuwa na uzio, na mimi mwenyewe ndiye niliyeagiza uzio. Nilisema mbuzi na kuku. Hakuwa mbuzi wala kuku.

Nikachukua ungo uliokuwa kando, nikavikusanya vyote. Nilikusanya haraka, kabla mtu mwingine hajaja, na sikujua namficha nani. Nilipomaliza paneli ya mwisho, nikasikia nyuma yangu, kutoka mitikini, mashine ikianza kunguruma. Ilikuwa imewashwa wakati wote. Ilipata jua, ikaanza kumsukumia hewa mtu asiyeitaka, na wanawake ndani ya gari wakapiga ukelele kwa kudhani amerudi. Nilikimbia nikaizima. Hiyo ndiyo sauti ambayo siku zote nitaisikia. Muhogo nikaupeleka jikoni, nikauweka karibu na kinu.

Baba mdogo alikuwa amesimama mlangoni mwa gari, koti lake bado limefungwa. Aliangalia ndani muda mrefu. Kisha akaniuliza, taratibu, "Aliacha neno?"

Baba alisema si mimi wa kumwambia. Lakini baba hakuwa na njia nyingine tena, na hiyo pia ilikuwa juu yangu. Nikamwambia, "Alikuona, baba mdogo. Siku ile barabarani. Hakukuwa na vumbi. Alitaka akuambie mwenyewe."

Akatikisa kichwa. "Najua aliniona. Mimi na yeye tuliangaliana." Akafungua koti. "Miaka yote hii nilikuwa nangoja aseme yeye. Sasa umesema wewe." Hakuwa amekasirika. Ningependa angekasirika.

Tulimzika kesho yake kando ya babu. Shangazi alitwanga muhogo ule jioni ile ile ya kifo, akachekecha, na baada ya mazishi akasonga ugali kwa ajili ya waombolezaji, kwa sababu unga mwingine haukuwepo na kwa sababu aliutaka ule. Sahani ya kwanza aliipeleka mwenyewe kwa mdogo wake, kwa magoti. Baba mdogo alinawa mikono. Akamega, akachovya, akala. Alimaliza sahani yote, akaomba nyingine. Wazee waliguna kwa kuridhika, mmoja akasema sasa mzee amelala vizuri. Shangazi alilia kwa furaha, mbele ya kaburi ambalo udongo wake haujakauka, na hakuna aliyemshangaa. Mimi pia nilipewa. Nilikula. Ulikuwa ugali mzuri, mweupe, usio na uchungu hata kidogo, nikaumaliza.

Gari bado liko kwetu, uani. Paneli zimo ndani, chini ya kitanda, na nati zake nimezitia kwenye kopo. Naunda nyingine kwa ajili ya wengine: magari ya chanjo, magari ya wahubiri, mfanyabiashara mmoja wa Sudan anayelala kwenye gari lake. Siku ya kukabidhi, siwapi ufunguo mpaka aje yule anayebaki nyumbani, mama, bibi, mpishi, yeyote. Namkalisha chini, namweleza kwa sauti ya chini mpaka aelewe, kisha namwambia naye anieleze. Wateja wanaona nimekuwa na subira uzeeni.

Mwaka jana shangazi alikuja Arua kutibiwa macho, akakaa kwangu wiki mbili. Aliniletea unga wa muhogo, mfuko mzima. Asubuhi moja tulikuwa tumekaa mlangoni tukimenya viazi, akasema bila kuniangalia:

"Mama, kuna kitu nimekaa nayo. Siku ile nilianika muhogo ya kaka juu ya vioo yako. Nilitaka kukuuliza kwanza, lakini ulikuwa na haraka, na ulikuwa na kasirani. Mi nilifikiri ni mahali safi." Kisu chake kilisimama. "Mutu moja kule Dranya aliniambia vioo ile haitaki kitu juu. Mi sijui. Ni mi nilimuua kaka?"

Macho yake yalikuwa tayari yana ukungu, na alikuwa ameyageuzia upande wangu, akingoja. Alikuwa amebeba swali hilo peke yake tangu siku ile, akitwanga nalo, akilala nalo. Ningemwambia ukweli, ningelazimika kumwambia wote: kwamba muhogo ulizima mashine, kwamba yeye aliuliza, na mimi ndiye niliyekanyaga mafuta. Angeusikia mwanzo tu, nusu ya kwanza, na kwenda nayo kaburini.

"Hapana, shangazi," nilimwambia. "Muhogo haukufanya kitu. Mashine ilikuwa kuukuu. Iliingia vumbi."

"Vumbi?"

"Vumbi tu," nikasema, nikaendelea kumenya.